Hesabu dekoda, usihesabu TV: tathmini ya vibanda vya mpira Kampala kwa mwenye timu inayoshuka daraja

Vibanda vya mpira vya Kampala vinaendeshwa kwa ajili ya mashabiki wa Arsenal, Man U, Liverpool na Chelsea, na hao vinawahudumia vizuri. Mwenye timu ya mkiani analipa kiingilio kilekile na kukalia benchi lilelile, lakini anachoondoka nacho ni kidogo mno. Tathmini hii imeandikwa kwa upande wake. Je, mtu anayetaka kuiona timu yake ikipigania uhai Ligi Kuu ya Uingereza, kuanzia Agosti mpaka Mei, ataipata kibandani? Kwa shilingi ngapi? Na nini kitamkwamisha? Msimu tuliotumia kama kipimo ni 2024/25, pale Southampton, Leicester City na Ipswich Town walipopanda pamoja na kushuka pamoja.

Jibu la haraka ni kwamba kibanda cha kawaida chenye dekoda mbili kitakuonyesha karibu theluthi moja ya msimu, na theluthi hiyo si ile unayoihitaji.

Hesabu yake ni hii. Kila timu inacheza mechi 38. Ukichukua Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham, kila moja utakutana nayo mara mbili: mechi 12. Hizo 12 zitapanda skrini kubwa kwa sababu ya mpinzani wako, wala si kwa sababu yako. Zinabaki 26, na humo ndimo timu ndogo hutafuta pointi zake. Hizo 26 zikigongana saa moja na mechi ya mkubwa yeyote, basi, huzioni. Matokeo yake mtu wa kibandani anaijua timu yake kwa vipigo tu. Aliiona Southampton ikifungwa 5–0 na Tottenham nyumbani tarehe 15 Desemba 2024, mabao yote matano kipindi cha kwanza, na usiku huohuo kocha Russell Martin akafukuzwa. Hiyo kibanda cha dekoda mbili kiliionyesha, Jumapili saa 4 usiku, mshindani wake akiwa Chelsea na Brentford tu. Lakini timu haishuki kwa kufungwa na Tottenham. Inashuka kwa kufungwa na walio karibu nayo.

Leicester ndio mfano ulio wazi zaidi. Msimu ule walifungwa mechi tisa za ligi mfululizo nyumbani King Power bila kupata hata bao moja: Wolves 3–0, Man City 2–0, Crystal Palace 2–0, Fulham 2–0, Arsenal 2–0, Brentford 4–0, Man United 3–0, Newcastle 3–0, na mwisho Liverpool 1–0 tarehe 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka, bao la Trent Alexander-Arnold lililowashusha rasmi. Shabiki wa kibandani aliziona za City, Arsenal, United na Liverpool, na labda za Ijumaa na Jumatatu usiku dhidi ya Brentford na Newcastle. Ukimuuliza Leicester walishukaje, atakutajia Liverpool. Ukweli ni kwamba mlango ulianza kufungwa tarehe 22 Desemba dhidi ya Wolves. Siku hiyo Wolves walikuwa chini ya Leicester kwenye msimamo, wakiwa na kocha mpya, Vítor Pereira, kwenye mechi yake ya kwanza. Wolves wakachukua pointi tatu pale, wakaendelea, wakamaliza nafasi ya 16 na pointi 42. Leicester wakaishia 25. Ukitaka kuielewa safari yao, hiyo ndiyo mechi ya kuitazama mara mbili.

Kwa hiyo tarehe mbili zinatosha kukipima kibanda chochote.

Ya kwanza ni Jumamosi, 2 Novemba 2024. Saa 12 jioni kwa saa zetu zilianza mechi tano kwa mpigo: Liverpool na Brighton, Bournemouth na Man City, Nottingham Forest na West Ham, Ipswich na Leicester, Southampton na Everton. Kibanda cha dekoda mbili kiliweka Liverpool na City, na kwa biashara yake kilifanya sawa, maana City walifungwa 2–1 na ukumbi ulikuwa moto. Pembeni kabisa, Southampton walipata ushindi wao wa kwanza wa msimu, bao la Adam Armstrong dakika ya 85. Na Ipswich, waliokuwa wanaongoza kwa bao la Leif Davis, walibaki watu kumi baada ya Kalvin Phillips kutolewa, kisha Jordan Ayew akasawazisha dakika za nyongeza. Mechi mbili za mkiani, zote zimeamuliwa dakika za mwisho, kwa wakati mmoja. Kibanda ambacho hakikuwa na dekoda ya tatu kiliwanyima watu yote hayo.

Ya pili ni 1 Februari 2025, tena Jumamosi, tena saa 12 jioni. Ipswich nyumbani na Southampton. Joe Aribo akafunga, Liam Delap akasawazisha, kisha Paul Onuachu akamaliza kazi dakika ya 87. Ipswich waliokuwa na sababu zote za kushinda siku ile wakapoteza kwa timu iliyomaliza msimu na pointi 12. Saa hiyohiyo Everton walikuwa wanawapiga Leicester 4–0, bao la kwanza la Abdoulaye Doucouré likiingia baada ya sekunde 10 tu. Sekunde 10: mwendesha kibanda akichelewa kubadili chaneli kwa sababu anakusanya kiingilio mlangoni, bao limepita. Skrini kubwa ilikuwa Bournemouth na Liverpool.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni huu: ukifika kibandani, usihesabu TV, hesabu dekoda. TV nne ukutani hazina maana yoyote kama zimeunganishwa na dekoda moja, kwa kuwa dekoda moja inatoa chaneli moja. Zote zitaonyesha mpira uleule. Angalia chini ya TV au kwenye kabati la mwendeshaji: ni visanduku vingapi vina taa, na kila kimoja kina kadi na kifurushi chake? Muulize waziwazi, "Boss, dekoda ngapi zinafanya kazi leo, na kifurushi gani?" Vifurushi vya bei ya chini havina chaneli zote za mpira, na mechi ya wadogo mara nyingi hupelekwa chaneli ambayo kifurushi hicho hakina. Haki za kuonyesha ligi hii huku kwetu ziko SuperSport (chaneli za DStv), na mechi za Jumamosi alasiri ambazo Waingereza wenyewe hawaruhusiwi kuziona moja kwa moja kwenye TV zao, sisi tunaziona. Mechi yako ipo hewani. Swali ni kama mtu wa kibanda ameilipia.

Baada ya dekoda, angalia waya. Kila dekoda inatakiwa iwe na waya wake kutoka kwenye LNB ya dishi (kile kichwa kinachopokea mawimbi), na LNB zenye matundu mawili au manne zipo madukani. Wengi wanaokoa pesa kwa kutumia kile kidude cha kugawa waya mmoja kuwa miwili. Hapo ndipo tatizo huanza. Dekoda huituma LNB volti 13 au 18 kuchagua upande wa mawimbi. Dekoda ya kwanza ikiomba volti 18 na ya pili 13, ile ya juu inashinda, na nusu ya chaneli za dekoda ya pili zinapotea. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mtu akibadili chaneli kwenye skrini kubwa, skrini ndogo inazimika na kuandika E48-32. Ukiliona hilo wakati wa mechi za mapema, chukua pesa yako uende kwingine kabla ya saa 12, maana mwendeshaji hatalitengeneza jioni ile. Alama ya E16 ni jambo jingine, hiyo ni malipo yameisha, na inaweza kurekebishwa kwa simu ndani ya dakika chache kama pesa ipo.

Dishi lenyewe linastahili maneno zaidi, kwa sababu msimu wa kushuka daraja huamuliwa Machi mpaka Mei, na miezi hiyo ndiyo ya masika Kampala. Setilaiti ambayo madishi mengi ya hapa huelekezwa iko nyuzi 36 mashariki, na Kampala tuko karibu nyuzi 32 na nusu, juu ya ikweta. Maana yake setilaiti iko karibu utosini. Dishi la Kampala hulala chali, halisimami kama yale unayoyaona kwenye picha za Ulaya. Likilala hivyo, majani ya mwembe, tope la paa na vumbi hukaa juu yake, na maungio ya waya yasiyofungwa kwa utepe wa mpira huingia maji. Mvua kubwa ikishuka, matone hunyonya mawimbi na picha inaanza kukatika vipande vipande. Hapo hakuna cha kufanya ila kusubiri. Wingu zito likipita, picha inarudi yenyewe. Kosa kubwa ni kijana kupanda juu ya mabati na kuanza kulisukuma dishi katikati ya mvua: akilisogeza kidogo tu, hata mvua ikiisha picha haitarudi, na mechi imekwisha kwenu. Kibanda kizuri utakijua kwa dishi lililofungwa kwenye nguzo ya chuma iliyozama kwenye saruji. Kibaya kimelifunga kwenye mbao za paa. Upepo ukitikisa paa, ubora wa mawimbi hushuka hata siku ya jua.

Umeme. Usambazaji ulibadilika mikono tarehe 1 Aprili 2025, kutoka kampuni ya Umeme kwenda UEDCL ya serikali, wiki ileile msimu ulipokuwa unaingia mwisho wake, lakini kwa mtazamaji swali ni lilelile siku zote: ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, ukumbi utakaa gizani kwa muda gani? Jenereta pekee haitoshi. Kuiwasha ni dakika mbili tatu, kisha dekoda nazo huchukua dakika kadhaa kuamka na kutafuta mawimbi upya. Umepoteza karibu dakika kumi. Kibanda kinachojua kazi yake huweka dekoda kwenye betri na inveta, hata kama TV zinasubiri jenereta, ili dekoda zisizimike kamwe. Na hata TV zinawezekana: dekoda tatu za wati 20 na TV tatu za wati 80 ni wati 300. Betri ya 12V yenye 100Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Hizo ni saa mbili, yaani mechi nzima na mapumziko yake. Projekta kubwa ya ukutani haimo kwenye hesabu hiyo, inakula zaidi, na ndiyo maana umeme ukikatika skrini ndogo ya pembeni inaweza kubaki hai wakati kubwa imekufa. Kwa mtu wa timu ndogo, hilo ni jambo zuri.

Sauti ni ya skrini kubwa. Hilo lipo kila mahali, kaa ukijua. Mechi yako itakuwa bubu, na mvua ikipiga mabati hata ya skrini kubwa haisikiki. Hivyo lazima uwajue wachezaji kwa namba na mwendo, na ukae karibu: TV ya inchi 32 inasomeka vizuri ukiwa mita mbili hadi tatu, zaidi ya hapo huoni namba mgongoni wala dakika juu. Benchi la mbele pembeni, chini ya skrini ya tatu, kwa kawaida huwa wazi mpaka robo saa kabla ya mechi. Fika nusu saa mapema.

Bei ni nafuu, hapo hatuna lalamiko. Kiingilio cha vibanda vya mbao maeneo kama Katwe, Bwaise, Namuwongo na Kisenyi kwa kawaida ni shilingi 1,000, kikipanda mpaka 2,000 siku za mechi kubwa. Ukiziona zote 38 kwa bei hizo, msimu mzima ni kati ya shilingi 38,000 na 76,000. Ongeza boda ya kurudi usiku. Baadhi ya vibanda hutoza kwa kila mechi na kuwatoa watu nje kati ya mechi na mechi, vingine hutoza mara moja kwa jioni nzima. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu Jumamosi yenye mechi tatu tofauti hiyo inaweza kuwa chakula cha kesho. Rolex (chapati ya mayai) na chai ya mlangoni ni nzuri karibu kote.

Saa zinawapoteza watu wengi kuliko mvua. Uingereza hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi. Msimu wa 2024/25 walirudisha saa nyuma 27 Oktoba na kuipeleka mbele 30 Machi. Kwa hiyo mechi ya saa tisa alasiri ya kwao ni saa 11 jioni kwetu Agosti, Septemba na karibu Oktoba yote, inakuwa saa 12 jioni wakati wa baridi yao, kisha inarudi saa 11 Aprili na Mei. Ile ya mapema ya Jumamosi husogea kati ya saa 8:30 na 9:30 mchana. Za katikati ya wiki huanza karibu kati ya saa 4 na saa 5 usiku, na ya saa 5 inaisha karibu saa 7. Ubao wa chaki mlangoni mara nyingi huandikwa na mtu aliyenakili saa bila kuzigeuza, hasa wiki ya kwanza baada ya mabadiliko. Wiki hiyo usiuamini.

Ratiba hiyohiyo ukiijua inakusaidia. Mechi za Ijumaa na Jumatatu usiku huwa peke yake, kwa hiyo hata timu ya mkiani inapata skrini kubwa na sauti. Leicester na Brentford ilikuwa Ijumaa, 21 Februari 2025, saa 5 usiku, na Leicester na Newcastle Jumatatu, 7 Aprili, saa 4 usiku. Wikiendi za nusu fainali ya Kombe la FA pia ni neema. Tarehe 26 Aprili 2025, saa 11 jioni, Newcastle waliwapiga Ipswich 3–0 na kuwashusha, Ben Johnson akiwa ameshatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na wakati huohuo Wolves walikuwa wanawafunga Leicester 3–0 na Fulham wanawafunga Southampton 2–1. Karibu wakubwa wote hawakuwa uwanjani saa hiyo. Dekoda tatu zingekuonyesha timu zote tatu zilizoshuka, bega kwa bega. Siku nyingine ya kuweka alama ilikuwa 18 Mei: Everton na Southampton saa 8 mchana, mechi ya mwisho ya ligi ya timu ya wanaume kuchezwa Goodison Park. Saa hiyo vibanda vingi bado viko kwenye sinema zilizotafsiriwa na VJ (msimulizi wa filamu kwa Kiluganda), na ukumbi umejaa vijana wa filamu. Ni lazima uwe umezungumza na mwenye kibanda jana yake.

Na kuzungumza naye kuna namna yake. Usiende peke yako kuomba. Watu watano wakiahidi kulipa, dekoda ya tatu inawashwa, watatu hawatoshi. Timu hizi za mkiani zina wachezaji wetu wengi, na hilo ndilo la kumwambia: Leicester ya msimu ule ilikuwa na Wilfred Ndidi, Patson Daka na Jordan Ayew, Southampton ilikuwa na Aribo na Onuachu wa Nigeria, na Ipswich ilikuwa na Axel Tuanzebe, beki aliyezaliwa Bunia, mkoa wa Ituri, Kongo. Kwa watu wa Ituri walioko Kampala au makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Ipswich ilikuwa na mtoto wa nyumbani, na mwenye kibanda anayejua wateja wake ni kina nani anaelewa biashara iliyomo humo.

Kinachoharibu mazungumzo hayo ni kamari. Mechi inayowekwa skrini ya pili mara nyingi ni ile iliyobebwa na mikeka ya watu wengi, hata kama ni mechi ya ligi nyingine kabisa. Umri halali wa kucheza kamari Uganda ni miaka 25, na kibanda kinachowaacha watoto wa shule wakipanga mikeka kwenye benchi hatukipendekezi, hata kiwe na dekoda kumi.

Usalama hatuupitii juujuu. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, 11 Julai 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wanatazama mpira Kyadondo Rugby Club na kwenye mgahawa wa Kihabeshi Kabalagala. Kupekuliwa mlangoni ni usumbufu mdogo. Kibanda kisicho na mlango wa pili, kikiwa na madirisha ya nondo na waya za umeme zilizoachwa wazi juu ya mbao, ni hatari hata bila bomu, moto mmoja wa jenereta unatosha. Tazama milango kabla ya kutazama TV.

Njia nyingine zipo. Baa za Kabalagala na Ntinda zina skrini nyingi, viti vya kuegemea na dekoda za kibiashara, na siku za wiki mhudumu atakuwekea mechi yako bila kinyongo. Jumamosi saa 12 ni foleni ileile, na soda moja inazidi kiingilio cha kibanda. Dekoda ya nyumbani ndiyo pekee inayokupa mechi zote 38 kwa sauti yake, ila uwe umelipia kifurushi cha juu kwa miezi kumi, 16 Agosti 2024 mpaka 25 Mei 2025 kwa msimu ule. Watu wanne wakichanga nyumba moja, ndiyo njia bora kuliko zote tulizopima. Simu ni ya dharura: mechi moja kwa ubora wa kati hula karibu GB 2, na picha huchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi, kwa hiyo kelele za kibanda cha jirani zitakutangulia kukuambia bao.

Kuhusu msimu wenyewe, kama bidhaa, 2024/25 ulikuwa dhaifu mwishoni. Southampton walishuka tarehe 6 Aprili, Tottenham 3–1, zikiwa zimebaki mechi saba, mapema kuliko timu yoyote katika historia ya Premier League. Timu tatu zilizoshuka zilikusanya pointi 59 kwa jumla: Leicester 25, Ipswich 22, Southampton 12. Tottenham walimaliza wa 17 na pointi 38 bila kuogopa chochote, wakachukua na Europa League juu yake. Siku ya mwisho haikuwa na la kupigania mkiani. Lililobaki la maana kwa Southampton lilikuwa kutolingana na Derby County ya 2007/08, iliyoshuka na pointi 11, na hilo walilipata kwa sare ya 0–0 na Man City tarehe 10 Mei. Hiyo, kwa bahati, ilikuwa na City ndani yake, basi kila kibanda kiliionyesha.

Ulinganishe na 28 Mei 2023. Saa 12:30 jioni, Everton, Leicester na Leeds wote wakiwa hai. Leicester wakawafunga West Ham 2–1 na bado wakashuka na pointi 34, kwa sababu Doucouré alifunga bao moja Goodison dhidi ya Bournemouth na Everton wakafika 36. Leeds walipigwa 4–1 na Tottenham. Aliyekuwa na skrini moja hakuweza kuifuata siku ile, ilibidi macho yahame skrini tatu kila dakika. Kwa siku ya namna hiyo hatuna shaka: kibanda cha dekoda tatu, betri iliyojaa na watu wanaojua hesabu za msimamo kinazidi sebule yoyote.

Tukitoa alama, kibanda cha dekoda moja kwa shabiki wa timu ya mkiani kinapata 2 kati ya 10, cha mbili 4, cha tatu chenye waya tofauti na inveta 8. Mbili zinazobaki tunazishikilia kwa ajili ya kinachofuata, kwa kuwa timu ikishashuka inaingia Championship yenye timu 24 na mechi 46, na hapo ubao wa chaki huisahau kabisa. Ukitaka kuendelea nayo, panga na mwenye kibanda kabla ya Agosti, mechi za Ijumaa usiku kwanza, maana hizo ndizo huwa hazina mshindani kwenye skrini.